Siku ya mwisho ya Epicurus: kisa cha maumivu, raha na hamu iliyobaki

Mwaka 270 KK, katika mji wa Athens, mzee wa umri wa miaka 72 alikuwa anakufa kwa sababu hawezi kukojoa. Jiwe lilikuwa limeziba njia ya mkojo, na hali hiyo ilidumu siku 14. Juu ya hayo alikuwa na ugonjwa wa kuhara damu. Mzee huyo alikuwa mwanafalsafa Epicurus, na siku aliyofariki alimwandikia barua fupi rafiki yake Idomeneus wa Lampsacus, ambayo ndani yake aliiita siku hiyo kuwa ya heri. Alieleza kwamba maumivu ya mkojo na ya tumbo yamefika kiwango ambacho hakuna kinachoweza kuyazidisha, lakini furaha ya nafsi yake, inayotokana na kuyakumbuka mazungumzo waliyokuwa wakifanya pamoja, imejipanga kukabiliana nayo yote. Kisha akamwomba jambo moja tu: awaangalie watoto wa marehemu rafiki yake Metrodorus.

Barua hiyo imetufikia kupitia Diogenes Laertius, mwandishi wa maisha ya wanafalsafa anayewekwa na wanahistoria wengi katika karne ya 3 BK. Mwandishi huyohuyo, akimnukuu mtangulizi wake Hermippus, anasimulia dakika za mwisho zilivyokuwa: mgonjwa aliingia katika hodhi la shaba lililojaa maji ya uvuguvugu, akaomba mvinyo usiochanganywa na maji, akaunywa, akawausia rafiki zake wasiyasahau mafundisho, akakata roho. Wagiriki kwa kawaida walikunywa mvinyo uliozimuliwa, kwa hiyo ombi la mvinyo mtupu si jambo dogo kwa mtu aliyesifika kwa kiasi.

Kisa hiki kingekuwa cha kawaida kama aliyekufa angekuwa mfanyabiashara au askari. Uzito wake unatokana na kwamba aliyekufa ndiye aliyefundisha, kwa zaidi ya miaka 30 katika bustani yake nje kidogo ya kuta za Athens, kwamba raha ndiyo mwanzo na mwisho wa maisha mema. Kwa mtu mwenye fundisho hilo, siku 14 za jiwe la mkojo ni mtihani ambao hakuna mpinzani wake angeweza kuubuni vizuri zaidi.

Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanalikumbuka jina la Waepikureo kutoka Matendo ya Mitume, sura ya 17, ambako baadhi yao wanabishana na Paulo mjini Athens, na wengi wetu tumekulia kwenye mahubiri yanayowachora kama watu wa kula, kunywa na anasa. Picha hiyo ni ya wapinzani wao. Chakula cha kila siku cha Bustani kilikuwa mkate na maji, na katika barua mojawapo Epicurus anaomba aletewe jibini kidogo ili siku akitaka kujifurahisha aweze kufanya karamu. Demetrius, jemadari wa Kimakedonia, alipouzingira mji wa Athens kati ya 295 na 294 KK na watu wakafa njaa, Epicurus aliwahifadhi wenzake kwa kuwagawia maharage kwa kuhesabu punje moja moja. Raha aliyoifundisha ilikuwa na kipimo cha namna hiyo: mwili haudai mengi, unadai usione njaa, usione kiu, usione baridi, na ukishapata hayo umefika kileleni, kwani kinachoongezwa baada ya hapo hubadilisha ladha ya raha bila kuikuza.

Ni muhimu kulitazama fundisho hili kwa makini kabla ya kurudi kwenye kitanda cha mgonjwa, kwa sababu ndani yake mna nadharia kamili ya uhusiano wa mambo matatu. Maumivu ni hali ya kupungukiwa au kuvurugika. Hamu ni namna maumivu hayo yanavyojitangaza: tumbo tupu ndilo linalotamani mkate. Raha ni kuondoka kwa maumivu, na pale yanapokuwa yameondoka yote hamu nayo inanyamaza, mtu anabaki katika utulivu ambao Epicurus aliuthamini kuliko msisimko wowote. Ndiyo maana aliziainisha hamu katika makundi: zile za asili na za lazima, kama chakula na hifadhi, zile za asili zisizo za lazima, kama vyakula vya kifahari, na zile ambazo si za asili wala za lazima, kama kiu ya kuvikwa mataji na kusimamishiwa sanamu. Ushauri wake ulikuwa kupunguza hamu hadi zibaki zile ambazo dunia inaweza kuzitosheleza kirahisi.

Aliongeza pia faraja moja kwa wagonjwa. Maumivu makali sana, alisema, hayadumu. Yanayodumu huwa mepesi kiasi cha kuacha nafasi ya raha kuzidi. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo dhaifu kuliko yote aliyowahi kulisema. Yeyote aliyewahi kumuuguza mtu mwenye saratani ya mifupa anajua kwamba maumivu yanaweza kuwa makali na yakadumu kwa pamoja, na kwamba kumwambia mgonjwa huyo kuwa ukali ni dalili ya ufupi ni kumwongezea upweke. Lakini kinachonishangaza katika barua ya siku ya mwisho ni kwamba Epicurus mwenyewe hakulitumia fundisho hilo. Hamwambii Idomeneus kwamba yataisha karibuni, wala kwamba yanavumilika. Anakiri kwamba hayawezi kuzidi hapo yalipofika, na anaendelea na sentensi inayofuata. Hilo linaniongezea imani katika ukweli wa barua, kwa maana mfuasi wa baadaye aliyetaka kuitunga angelichomeka fundisho lile maarufu pale ambapo lilikuwa na nafasi yake.

Tuyaangalie basi yale maumivu yenyewe. Neno la Kigiriki alilolitumia linaeleza mkojo unaotoka kwa matone, kwa kuchoma na kwa kujikamua. Jiwe linapoziba njia, mkojo unaendelea kutengenezwa nyuma yake, shinikizo linapanda, na misuli ya njia ya mkojo inajikaza na kujiachia ikijaribu kulisukuma. Ndiyo sababu maumivu ya aina hii huja kwa mawimbi, na waliowahi kuyapata huyataja pamoja na uchungu wa kuzaa. Joto hulegeza misuli hiyo, na hata leo maji ya moto au chupa ya maji ya moto ubavuni humpa nafuu mwenye jiwe la figo. Lile hodhi la shaba halikuwa mapambo ya hadithi. Lilikuwa tiba, na mvinyo mtupu ulikuwa ganzi iliyokuwa karibu.

Raha ya kwanza tunayoiona katika kisa hiki, basi, ni ya nafuu, na nafuu ndiyo raha ambayo nadharia ya Epicurus inaieleza vizuri kuliko zote. Maji ya uvuguvugu ambayo mtu mzima wa afya angeyaona ya kawaida yanakuwa neema kwa aliyekaza misuli tangu usiku. Utafiti wa karibuni unakubaliana naye hapa, na hata unampita: Siri Leknes na wenzake, katika kazi waliyoichapisha mwaka 2013, walionyesha kwamba joto linalounguza kiasi, ambalo watu huliona kuwa baya likiwekwa peke yake, lilionekana kuwa jambo la kupendeza pale washiriki walipokuwa wametarajia joto kali zaidi. Kitu kilekile kinachouma kinaweza kugeuka raha kwa kulinganishwa na kilichoepukwa. Raha na maumivu hupimwa na mwili kwa kulinganisha hali moja na nyingine, na mwenye kuamua nini kilinganishwe na nini ana sehemu ya mamlaka juu ya kinachohisiwa.

Hata hivyo Epicurus haitaji nafuu katika barua. Hasemi neno juu ya hodhi wala mvinyo. Raha anayoitaja ni ya aina nyingine, ya kukumbuka mazungumzo, na hapa anasimama juu ya sehemu ya fundisho lake iliyomtenga na wapenda raha waliomtangulia, watu wa Cyrene, ambao kwao raha ya sasa ya mwili ndiyo kila kitu. Epicurus alishikilia kwamba mwili huhisi kilichopo tu, ilhali nafsi huhisi kilichopita, kilichopo na kijacho. Kwa hiyo mateso ya nafsi ni makubwa kuliko ya mwili, na raha zake vilevile. Mtu aliyeishi miaka mingi na marafiki ana akiba ambayo jiwe haliwezi kuiziba.

Je, akiba hiyo inaweza kweli kushindana na maumivu makali? Daktari wa Marekani Henry Beecher, aliyehudumu katika uwanja wa vita wa Italia wakati wa Vita Kuu ya Pili, aliwauliza askari waliojeruhiwa vibaya kama maumivu yao yanahitaji dawa, na takribani robo tatu yao walijibu kwamba hawahitaji. Aliyachapisha matokeo hayo mwaka 1946, na baadaye akalinganisha na raia waliofanyiwa upasuaji, ambao wengi wao waliomba dawa ingawa majeraha yao yalikuwa madogo. Maelezo aliyoyatoa ni kwamba kwa askari yule jeraha lilimaanisha kuondoka vitani akiwa hai, na kwa raia yule lilimaanisha msiba. Beecher hakusema kwamba askari hawakuumia; alisema kwamba maana ya jeraha iliingia ndani ya maumivu yenyewe. Nadharia ya lango la maumivu ya Ronald Melzack na Patrick Wall, iliyotolewa mwaka 1965, ilikuja kutoa njia ya kueleza jinsi ubongo unavyoweza kuteremsha amri hadi kwenye uti wa mgongo na kupunguza habari za maumivu zinazopanda. Kwa hiyo dai la mzee wa Athens si la kupuuzwa kama majigambo ya mtu anayetaka kufa vizuri mbele ya wanafunzi.

Ila ni lazima tulisome dai lenyewe lilivyo. Sisi tumezoea kusema baada ya dhiki faraja, na mpangilio huo wa kimoja kuondoka ndipo kingine kiingie ndio mpangilio wa nadharia yake pia. Katika barua hakuna “baada”. Dhiki ipo kileleni na faraja ipo kileleni, saa ileile, katika mtu yuleyule, na hakuna inayoifuta nyingine. Epicurus alikuwa amefundisha kwamba mwenye hekima atakuwa na heri hata akiteswa, na akaongeza, kwa ukweli ambao wanafalsafa wengi wangeuficha, kwamba huyo mwenye hekima akiwa anateswa atapiga kelele na kugumia. Mtu anaweza kugumia na kuwa na heri kwa wakati mmoja. Nadharia inayosema kuwa raha ni kuondoka kwa maumivu haina pa kuliweka jambo hilo, isipokuwa kwa kuigawa raha mara mbili na kukiri kwamba ile ya nafsi haifuati kanuni ya ile ya mwili.

Aliyeliona pengo hili mapema ni Cicero, mwanasiasa na mwandishi wa Kirumi. Mwaka 45 KK, zaidi ya miaka 200 baada ya kifo kile, aliitafsiri barua hiyo kwa Kilatini (katika nakala yake imeelekezwa kwa Hermarchus, aliyemrithi Epicurus kuiongoza shule) na akaisifu kwa namna ya kuichoma. Kifo hiki, alisema, ni cha heshima kiasi cha kuwekwa pamoja na vya Epaminondas na Leonidas, majemadari wa Kigiriki waliokufa vitani, lakini matendo ya mtu huyu yanapingana na maneno yake: aliyefundisha kwamba kila raha ina mzizi katika mwili anakufa akifurahia kitu kisicho na mwili ndani yake, na aliyefundisha kwamba wema hutafutwa kwa ajili ya raha anatumia pumzi zake za mwisho kuwatetea watoto ambao hatapata raha yoyote kwa kutunzwa kwao. Cicero aliukamata wosia wa Epicurus pia. Mtu aliyerudia kwamba kifo si kitu kwetu, kwa kuwa kikiwapo sisi hatupo, aliacha maagizo ya siku yake ya kuzaliwa kuadhimishwa kila mwaka na ya wenzake kukutana kila tarehe 20 ya mwezi kumkumbuka yeye na Metrodorus.

Nadhani Cicero ana haki katika hoja, na inafaa kujua alikuwa katika hali gani alipoiandika. Februari ya mwaka huohuo alikuwa amefiwa na binti yake Tullia, na maandishi mengi ya falsafa aliyoyatoa kwa wingi miezi iliyofuata aliyaandika akijaribu kujiliwaza. Mtu aliyekuwa anatafuta namna ya kubeba uchungu wake alikuwa anamsoma mtu aliyedai kuwa ameubeba wake. Ukali wake unaeleweka zaidi ukilikumbuka hilo.

Lakini Cicero, kwa kutaka kushinda hoja, aliishia kusema kwamba Epicurus alikuwa mtu mwema mwenye falsafa mbaya, na akaliacha swali lenye uzito zaidi: ombi la watoto lilikuwa ni nini, kwa lugha ya nadharia ya Epicurus mwenyewe? Ilikuwa ni hamu, bila shaka. Alitaka kitu ambacho hakijawa. Kwa hesabu zake, hamu ya namna hiyo ingepaswa kuwa maumivu, kwa maana ni upungufu, na ingekuwa maumivu mabaya kuliko yote, kwa maana aliyekuwa nayo hatakuwapo kuona imetimia. Metrodorus, rafiki wa karibu kuliko wote, alikuwa amefariki miaka saba kabla, na watoto wake walikuwa bado wadogo. Kila kitu kilikuwa tayari kwa ajili ya hofu. Badala yake ombi limekaa ndani ya barua ya siku ya heri, likifuata moja kwa moja sentensi ya furaha, na sauti haibadiliki.

Hapa ndipo ninapoona kisa hiki kinatufundisha jambo ambalo nadharia yake haikulijua: hamu si tawi la maumivu, wala si mlango wa raha tu. Ni kitu cha tatu, chenye mwendo wake. Sayansi ya ubongo imefika karibu na hapo kwa njia nyingine kabisa. Kent Berridge na wenzake katika Chuo Kikuu cha Michigan, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, walionyesha kwamba panya walioondolewa karibu dopamini yote, kemikali inayopeleka ujumbe katika ubongo, kwenye sehemu maalumu za ubongo waliacha kutafuta chakula hadi wakahitaji kulishwa, na hata hivyo walipotiwa sukari mdomoni walilamba midomo kwa ishara zilezile za kuonja utamu. Kupenda kulibaki, kutaka kukaondoka. Upande wa pili unaonekana kwa waraibu wa dawa za kulevya, ambao kutaka kwao huongezeka miaka na miaka huku raha wanayoipata ikipungua. Vitu viwili vinavyoweza kutengana hivyo haviwezi kuwa kimoja chenye majina mawili.

Sitaki kuruka kutoka kwa panya hadi kitanda cha Epicurus kana kwamba hapana umbali. Ninachosema ni kwamba mara tu tunapokubali kuwa kutaka kuna njia yake, ombi la watoto halionekani tena kuwa kosa la mwanafalsafa aliyelegea saa ya mwisho. Mtu anaweza kutaka bila kuumia kwa kutaka. Swali la maana linakuwa: ni lini hamu inauma, na ni lini haiumi?

Jibu, kwa kadiri kisa hiki kinavyoweza kulitoa, limo katika wosia, na nashangaa kwamba wachambuzi wengi huupita wakikimbilia barua. Wosia ni waraka mkavu. Unawataja Amynomachus na Timocrates kuwa warithi kwa mujibu wa sheria, na unawalazimisha kumwachia Hermarchus na wenzake Bustani waitumie. Unaagiza mwana wa Metrodorus, ambaye naye aliitwa Epicurus, atunzwe pamoja na mwana wa Polyaenus, rafiki mwingine wa shule hiyo, maadamu wanasoma na kuishi na Hermarchus. Unaagiza binti wa Metrodorus atunzwe, na akifika umri aozwe kwa mmoja wa wanafalsafa wa Bustani atakayechaguliwa na Hermarchus, na mahari ya kwenda nayo kwa mume itoke katika mapato ya mali, kiasi watakachokubaliana. Vitabu vyote ni vya Hermarchus. Watumwa Mys, Nicias na Lycon wanaachiwa huru, na mwanamke Phaedrium naye.

Huyu si mtu anayejiliwaza kwa kumbukumbu peke yake. Kila alichokitaka kilikuwa kimeshapewa mtu wa kukishika, fedha za kukigharamia na utaratibu wa kukiamua. Ombi kwa Idomeneus, aliyekuwa na cheo na mali kule Lampsacus, lilikuwa nyongeza ya ulinzi juu ya mpango uliokwisha kuwekwa. Moja ya misemo inayohifadhiwa kwa jina la shule yake inasema kwamba marafiki waliokufa tuwaonee huruma kwa kuwajali, tusiwaombolezee. Alikuwa amemjali Metrodorus kwa vifungu vya sheria.

Cicely Saunders, daktari aliyefungua mjini London mwaka 1967 hospisi ya St Christopher's, nyumba ya kuwahudumia wagonjwa wanaokaribia kufa, alikuwa ameshaeleza mwaka 1964 juu ya mgonjwa aliyeanza kwa kusema maumivu yake yalianzia mgongoni, akaishia kusema kwamba sasa ni kana kwamba yeye mzima ameharibika. Kutokana na wagonjwa kama huyo Saunders alizungumza juu ya maumivu kamili, ambamo mwili, nafsi, familia na imani vimefungamana, na wauguzi waliofuata njia yake walijifunza kwamba mara nyingine dozi ya mofini, dawa kali ya maumivu, haifanyi kazi hadi mtu aulizwe nani atabaki na watoto. Mgonjwa wa aina hiyo ana hamu ileile ya Epicurus, juu ya watoto vilevile, na kwake ni msumari juu ya kidonda. Tofauti haimo katika nguvu ya nafsi zao, na kuisoma barua ile kama kipimo cha ushujaa ambacho wagonjwa wengine washindwe kukifikia ni kuwaonea. Mmoja anaacha Bustani, warithi wawili, msimamizi anayemwamini na rafiki mwenye uwezo ng'ambo ya bahari. Mwingine anaacha chumba cha kupanga na ndugu wasiopokea simu.